Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kuunda Majusi wa Elementi Moja

Maswali haya ndiyo ambayo wachezaji wapya wa mchezo wa uhusika huko Mbeya mjini, Tukuyu na Iringa huyarudia kila wanapoanza kuandika mhusika mwenye nguvu za elementi. Yamepewa namba ili jibu moja liweze kukuelekeza kwenye jingine. Anayeanza kabisa asome sehemu ya kwanza yote. Aliyekwisha kucheza anaweza kwenda moja kwa moja kwenye swali la 5.

## Mambo ya msingi

1. Mchezo wa uhusika ni mchezo gani, na ninahitaji nini ili kuanza?

Ni mchezo wa mazungumzo. Mtu mmoja, ambaye sisi humwita msimulizi, hueleza mahali na tukio. Wengine, kila mmoja akiwa ameshika mhusika wake, hueleza mhusika huyo anasema nini na anatenda nini. Na pale ambapo matokeo hayajulikani, dadu huamua. Hakuna mshindi, na hakuna kete za kusogeza ubaoni. Mchezo wa kwanza wa aina hii kuuzwa madukani, Dungeons & Dragons, ulitoka Marekani mwaka 1974, na mingi iliyofuata imechukua kwake wazo la karatasi ya mhusika, yaani ukurasa unaoonyesha mhusika wako ni nani, anaweza nini na ana nini.

Kwa kuanzia zinatosha dadu mbili za kawaida, zile za ludo, pamoja na daftari, kalamu, watu watatu hadi sita na saa tatu zisizo na shughuli nyingine. Usinunue kitu chochote kabla ya kucheza angalau mara mbili.

2. Kwa nini mnasema “majusi” na si “mchawi”?

Kwa sababu neno “mchawi” kwetu lina damu ndani yake. Mchawi katika Kiswahili ni mtu anayedhuru wenzake kwa siri, na hakuna mchawi mwema. “Mganga” naye ni mtu halisi mwenye kazi halisi, na si sahihi kumchezea. “Mwanamazingaombwe” ni mfanya viinimacho jukwaani. Neno “majusi” limekuja kwetu kupitia Kiarabu, kutoka kwenye jina la makuhani wa kale wa Uajemi, na wasomaji wengi wamekutana nalo katika Injili ya Mathayo, kwenye habari ya mamajusi waliofuata nyota. Linabeba maana ya mtu mwenye elimu ya mambo yaliyofichika, na hiyo ndiyo maana tunayoitaka.

Baadhi ya wachezaji wetu Waislamu huliona neno hilo kuwa ni la waabudu moto, na wana haki ya kuliona hivyo. Wao huandika “mjuzi wa ukungu” au “bibi wa sakitu” (sakitu ni baridi inayoganda juu ya majani), na mchezo hauharibiki hata kidogo.

3. Wazazi wangu wanauliza kama huu si ushirikina. Niwajibu nini?

Wajibu kwa heshima, kwa sababu swali lao ni la haki. Tanzania ina Sheria ya Uchawi tangu mwaka 1928, na wazee, hasa wanawake, wameuawa au kufukuzwa makwao kwa tuhuma tupu. Mtu anayeishi katika nchi yenye historia hiyo hawezi kulaumiwa kwa kushtuka akisikia vijana wamejifungia chumbani wakizungumzia nguvu zisizo za kawaida.

Kwa hiyo tuna masharti ambayo hatuyalegezi. Hatutumii hirizi, dawa, wala maneno ya ibada au tambiko lolote halisi. Hatumtaji mtu aliye hai, awe jirani, mwalimu au ndugu, kuwa ana nguvu hizo katika hadithi. Hatumdhihaki mganga wala mchungaji wala shehe. Mlango hubaki wazi, na mzazi anayetaka kukaa na kusikiliza hukaribishwa na kupewa kiti. Mara nyingi mama akishasikiliza nusu saa hugundua kwamba anachokisikia ni hadithi, kama zile alizosimuliwa na bibi yake jikoni, isipokuwa hii hutungwa na watu watano kwa pamoja.

4. Elementi ni zipi hasa?

Hapa neno “elementi” halina maana ya darasa la kemia. Mgiriki Empedokle, katika karne ya 5 kabla ya Kristo, alifundisha kwamba vitu vyote vimetokana na moto, maji, hewa na udongo, na mafundisho hayo yakasafiri kupitia elimu ya Waarabu hadi pwani yetu, ambako wanafalaki bado wanagawa nyota kuwa za moto, za maji, za upepo na za udongo. Wachina walihesabu tano: mbao, moto, udongo, metali na maji. Hakuna hesabu inayokufunga. Mgawanyo huo ni mlango tu, na kazi yako ni kuingia ndani hadi kwenye chumba kimoja kidogo, kama inavyoelezwa katika maswali mawili yanayofuata.

## Kuchagua elementi

5. Kwa nini mnasisitiza elementi moja, tena nyembamba?

Kwa sababu majusi mwenye elementi zote ana jibu la kila tatizo, na mwenye jibu la kila tatizo hahitaji kufikiri, kuomba msaada wala kuchagua kati ya mambo mawili yanayouma. Wenzake mezani hubaki watazamaji.

Hata elementi moja inaweza kuwa pana mno. Katika kikundi chetu aliwahi kuwapo mchezaji aliyeandika “maji” bila kuongeza neno. Kikao cha pili akasema kwamba damu ni maji, akausimamisha moyo wa adui kwa mkono mmoja. Hakuvunja sharti lolote tuliloliandika, lakini tangu siku hiyo hakuna hatari iliyomtisha mtu pale mezani, na baada ya wiki tatu hadithi ilikufa yenyewe. Tangu hapo tunamwomba kila mchezaji aende hatua moja au mbili ndani zaidi: asiandike maji bali ukungu, asiandike udongo bali jiwe jepesi la volkano, asiandike hewa bali ile hewa nzito inayotulia mashimoni. Kitu chembamba kina tabia, na majusi mzuri ni yule anayeijua tabia ya kitu kimoja kama mchungaji anavyoijua mifugo yake.

6. Nitaipataje elementi iliyo yangu kweli?

Anza na kitu ambacho mwili wako umekwisha kukutana nacho. Wachezaji wengi wapya huandika mito ya lava waliyoiona kwenye skrini, na maelezo yao huwa makavu kwa sababu hawana la kusema zaidi ya kwamba ni moto na ni nyekundu. Mwulize mtu huyohuyo kuhusu baridi ya Makete mwezi wa Julai, naye atazungumza robo saa bila kupumzika. Nyanda za Juu Kusini zina utajiri ambao mtunzi wa mbali angeulipia, nasi tunaukanyaga kila siku.

Chukua ukungu. Aliyepanda gari alfajiri kutoka Uyole kwenda Tukuyu anajua jinsi unavyofunga barabara pale Isongole: sauti ya lori inakuja kabla ya lori lenyewe na huwezi kujua iko mbali kiasi gani, sweta linalowa bila mvua kunyesha, na jua likipanda kidogo kila kitu kinaondoka kana kwamba hakikuwapo. Humo tayari una uwezo mitatu na udhaifu mmoja, na hujabuni kitu bado.

Chukua sakitu, ile baridi inayogeuka weupe juu ya majani huko Kitulo, kwenye uwanda ulioinuka takriban mita 2,600, ambao watu huuita Bustani ya Mungu kwa wingi wa maua yake wakati wa mvua. Sakitu huja usiku ambao anga ni jeupe na upepo umetulia, kwa sababu ardhi hupoteza joto lake juu angani; kukiwa na mawingu, mawingu huwa blanketi na haiji. Tena hewa baridi ni nzito, hivyo hutiririka kufuata mteremko, na ndiyo sababu viazi vya bondeni huungua wakati vya mgongoni vimepona. Majusi wa sakitu anayejua hayo atamvuta adui yake bondeni, atangoja saa tisa ya usiku, na ataomba mawingu yasitokee.

Hewa nzito ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na ni wachache wanaoifikiria. Katika wilaya ya Rungwe gesi ya kaboni dioksidi hutoka ardhini yenyewe, kiasi kwamba huvunwa na kuuzwa kwa viwanda, vikiwamo vya soda. Haina rangi, na uzito wake ni kama mara moja na nusu ya hewa ya kawaida, kwa hiyo hujikusanya kwenye mabonde madogo na mashimo, huzima mwenge, na mdudu au ndege anayeingia humo haamki. Fikiria mhusika anayeweza kuikusanya hewa hiyo magotini mwa watu bila wao kujua, na ambaye kabla ya kila tendo huwasha kibiriti na kukishusha taratibu ili aone moto unazimikia wapi.

Yako mengine. Maji moto ya Songwe huacha chokaa kila yanapopita, na chokaa hiyo hugeuka mwamba, kwa hiyo majusi wa maji moto ni mjenzi mwenye subira kubwa. Mlima Rungwe ulilipuka kwa nguvu takriban miaka 4,000 iliyopita na kutupa jiwe jepesi lenye vitundu, ambalo huelea juu ya maji. Isimila, karibu na Iringa, maji na upepo vimechonga nguzo za udongo zenye urefu kuliko nyumba, na mmomonyoko ni elementi kwa mchezaji asiye na haraka. Chuma kina njia mbili: ya ardhini, ile ya Wafipa waliojenga matanuru marefu ya udongo yaitwayo malungu na kuyeyusha mawe, na ya mbinguni, ile ya kimondo cha Mbozi, ambacho ni chuma kwa takriban asilimia 90 na nikeli kwa takriban asilimia 9.

Ukishachagua, andika mambo kumi ambayo kitu hicho hufanya bila nguvu za ajabu zozote. Usipofika kumi, hiyo bado si elementi yako. Nenda ukakiangalie tena.

7. Mimi nataka moto. Kuna ubaya?

Hakuna, ila sema ni moto gani. Moto wa nyika hukimbia na upepo. Moto wa tanuru la matofali, ambao kila kijana wa Iringa ameuona, hufungiwa kwa udongo, hula magogo kwa siku kadhaa, na kwa nje ukuta unaonekana umelala wakati ndani umekuwa mwekundu. Wahusika wawili wa mioto hiyo hawatafanana kwa lolote.

8. Elementi yangu haina nguvu vitani. Niibadilishe?

Kwanza muulize msimulizi wako kama hadithi yake ni ya vita. Nyingi si za vita tu: kuna kuvuka mto, kumtafuta aliyepotea, kumshawishi mtemi, kukaa mlimani usiku. Pili, usitafute pigo. Tafuta namna elementi yako inavyobadili mahali. Majusi wa ukungu hawezi kumwangusha mtu yeyote, lakini akiweza kuwafanya wapiga mishale hamsini wasione mita kumi mbele yao, amefanya kazi kuliko mwenzake anayerusha cheche.

## Mipaka, gharama na hesabu

9. Niandike mipaka gani kwenye karatasi ya mhusika?

Mpaka wa kwanza, na ambao mimi siukubali ukosekane, ni wa chanzo: je, majusi wako huumba elementi pasipo kitu, au huamsha na kuelekeza iliyopo? Ninapendekeza la pili kwa nguvu zote. Majusi anayeumba ukungu kutoka hewani hajali yuko wapi. Anayelazimika kuukuta au kuuvuta kutoka mtoni huanza kuuliza maswali mazuri kabla ya kila safari: kuna mto karibu, ni saa ngapi, upepo unatoka wapi? Mhusika wa sakitu akishuka hadi Kyela, kwenye tambarare ya Ziwa Nyasa iliyo takriban mita 500 juu ya usawa wa bahari, kati ya mpunga na kakao na joto lake, amekuwa mtu wa kawaida mwenye koti lisilo na kazi. Vikao vyetu viwili vilivyopendeza kuliko vyote vilitokea huko, kwa sababu alilazimika kuwategemea wenzake ambao alikuwa amewadharau tangu Makete.

Mpaka wa pili ni wa umbali na ukubwa, nao unatosha kuandikwa kwa mstari mmoja: “hadi inapofika sauti yangu”, au “eneo la ukubwa wa uwanja wa mpira”. Tumia vipimo ambavyo kila mtu mezani anaviona akilini. Mpaka wa tatu ni wa hali, yaani jambo linaloivunja nguvu hiyo, kama jua kwa ukungu na mawingu kwa sakitu. Usiubuni, utoe kwenye ile orodha ya mambo kumi ya swali la 6.

10. Gharama ya kutumia nguvu iwe nini? Uchovu unatosha?

Uchovu unatosha kwa mchezaji wa siku ya kwanza, lakini haukumbukwi. Gharama inayokumbukwa hutoka kwenye elementi yenyewe. Majusi wa hewa nzito lazima azuie pumzi yake kwa muda wote anaotenda, kwa kuwa naye yumo bondeni humo. Mchezaji mmoja wetu huzuia pumzi yake kweli pale mezani, na wote hunyamaza wakimtazama. Majusi wa sakitu hufa ganzi vidoleni, hivyo usiku aliopigana hawezi kufunga vifungo vya shati wala kumshika mtoto. Wa maji moto viungo vyake hukazwa na chokaa kidogo kidogo, na akiwa mzee atakuwa nusu jiwe.

Gharama isizidi uwezo wa mchezaji kuivumilia. Ukiona mtu anaogopa kutumia nguvu zake kwa vikao viwili mfululizo, punguza gharama. Ukiona anazitumia kufungulia soda, ongeza.

11. Nianze na uwezo mingapi, na dadu hufanyaje kazi?

Anza na mitatu. Mmoja uwe wa kila siku, unaoweza kuufanya nyumbani bila watu kukimbia. Mmoja uwe wa hatari. Na mmoja uwe ule ambao mhusika wako aliwahi kuufanya mara moja tu na hataki kuurudia. Huo wa tatu ndio utakaokupa hadithi.

Kwa hesabu, sisi hurusha dadu mbili na kujumlisha. Kupata 10 au zaidi ni kufaulu kabisa. 7 hadi 9 ni kufaulu kwa kulipa gharama. 6 au chini ni kushindwa, na msimulizi hueleza yaliyotokea. Katika matokeo 36 yanayowezekana, 6 ni ya kufaulu kabisa, 15 ni ya katikati na 15 ni ya kushindwa. Hali ikiwa nzuri kwa elementi yako, ongeza 1, na hesabu inakuwa 10, 16 na 10. Hali ikiwa nzuri sana, kama usiku wa Juni bondeni Kitulo kwa majusi wa sakitu, ongeza 2: kufaulu kabisa kunapanda hadi 15 na kushindwa kunashuka hadi 6. Hali ikiwa mbaya, punguza kwa namna hiyohiyo. Usiongeze zaidi ya 2, kwa sababu baada ya hapo dadu inakuwa pambo.

12. Hatuna dadu. Tunaweza kutumia karata?

Ndiyo, na kwa mchezo wa elementi karata zinapendeza kuliko dadu. Zipe aina nne za karata elementi nne kuu: kopa iwe moto, shupaza maji, pau upepo, uru udongo. Anayetaka kutenda huvuta karata moja. Ikiwa ni ya familia ya elementi yake, amefaulu bila kulipa, na nafasi ya hilo ni moja kwa nne. Ikiwa si yake lakini ni 7 au zaidi, amefaulu kwa kulipa. Iliyobaki ni kushindwa. Mtu akivuta ree ya familia yake, mwache aeleze tukio lote mwenyewe.

## Mtu nyuma ya nguvu

13. Historia ya mhusika iwe ndefu kiasi gani?

Nusu ukurasa. Kurasa nne hazisomwi na mtu, tena zinakuwa zimekwisha kusimulia mambo ambayo yangependeza yatokee mezani.

14. Majusi wangu alijifunza wapi, na anaishi kwa kazi gani?

Shule kubwa yenye minara imezoeleka mno. Katika nchi hizi elimu ya namna hiyo ingepitishwa kwa mtu na mtu: shangazi kwa mpwa wake, fundi wa tanuru kwa kijana anayembebea kuni, mvuvi wa Matema kwa mtoto aliyeokolewa majini. Ukiandika mwalimu, andika pia deni ambalo mwanafunzi bado anadaiwa.

Kazi ni ya lazima. Majusi asiye na kazi huelea hewani. Mfano ninaopenda kuutoa ni wa mhusika aitwaye Atupele, muuza viazi wa Isongole ambaye elementi yake ni ukungu: anajua bei ya gunia, anajua mabasi yote ya alfajiri, ana mguu unaouma wakati wa baridi, na hutumia nguvu zake hasa kuwafichia majirani zake mambo ambayo hawataki yaonekane. Kila mtu aliyesoma mistari hiyo amewahi kuniuliza: ni mambo gani?

15. Naweza kutumia Kinyakyusa, Kihehe au lugha nyingine katika majina na mazungumzo?

Tunakuomba uitumie, kwa kiasi. Salamu ya “ugonile” au “kamwene” pale mhusika anapofika mlangoni hufanya kazi ya aya nzima ya maelezo. Mhusika kijana akikutana na mzee amwamkie “shikamoo” na asubiri “marahaba”, hata kama kijana huyo anaweza kuugandisha mto. Adabu haifutwi na nguvu, na anayeiacha ajue kwamba wahusika wengine wataiona. Chagua jina ambalo unaijua maana yake, na usitumie lafudhi ya kabila lolote kwa ajili ya kuchekesha.

16. Je, mhusika lazima awe na kasoro?

Ndiyo, na kasoro ya tabia iwe tofauti na gharama ya swali la 10. Ganzi ya vidole si kasoro. Kutoweza kuomba radhi ni kasoro.

## Mezani na hali za pembeni

17. Tunacheza kwa maandishi kwenye simu, si mezani. Kuna tofauti gani?

Ni moja ila kubwa: kwa maandishi ni rahisi mno kumchezea mwenzako mhusika wake. Ukiandika “nilimfunika kwa ukungu, akapotea, akaanguka, akalia”, umeandika sentensi moja yako na tatu zake. Andika unachojaribu kufanya, kisha subiri: “ninauvuta ukungu kutoka mtoni uje katikati yetu”. Mwenye mhusika wa pili ndiye ataandika kama ameanguka. Pia usitumie mambo unayoyajua wewe msomaji lakini mhusika wako hakuyaona. Kama mwenzako ameandika mawazo ya siri ya mhusika wake, umeyasoma wewe, hajayasoma Atupele.

18. Wachezaji wawili wamechagua elementi ileile. Mmoja abadilishe?

Hapana. Wape sababu. Wawili wenye ukungu, mmoja akiutumia kuficha na mwingine kupotosha sauti, ni ndugu au mahasimu kabla hata mchezo haujaanza. Waandike pamoja ni nini kilichowatenganisha.

19. Naweza kuwa majusi wa radi?

Uliza kwanza watu wote mezani, tena faragha, mmoja mmoja. Radi katika mikoa yetu huua watu na mifugo wakati wa mvua, na wapo wanaoamini kwamba hutumwa na mtu. Kuna familia zilizogawanyika kwa tuhuma hizo. Nimewahi kuandaa kikao kizima cha radi bila kuuliza, na mchezaji mmoja akaondoka kimya kabla ya nusu yake. Baadaye nilielezwa kwamba alikuwa amempoteza ndugu. Ningeweza kujua kwa swali moja tu. Wote wakiridhia, icheze radi kama tukio la anga, linalofuata kilele, mti mrefu na chuma, na kamwe isiwe kitu kinachotumwa nyumbani kwa mtu.

20. Naweza kuingiza historia halisi, kama vita vya Mkwawa au Maji Maji?

Kwa uangalifu mkubwa. Wahehe wa Mkwawa walikishinda kikosi cha Wajerumani huko Lugalo mnamo Agosti 1891 kwa mbinu, ujasiri na kujua ardhi. Ukiweka majusi aliyewashindia vita hivyo, umewanyang’anya ushindi wao. Weka majusi wako pembezoni, awe mchukua mizigo au mtoto aliyeona, na vita viishe kama vilivyoisha.

Maji Maji, 1905 hadi 1907, ni jambo zito zaidi kwa anayecheza elementi ya maji. Watu waliamini kwamba dawa ya maji aliyoitoa Kinjikitile Ngwale ingezigeuza risasi kuwa maji, na maelfu kwa maelfu walikufa, kwa risasi na kisha kwa njaa, hadi Ungoni na Ubena. Kumwandika mhusika ambaye maji yake yanazuia risasi kweli katika vita hivyo ni kuyageuza makaburi hayo kuwa mchezo. Sisi hatufanyi hivyo. Anayetaka mazingira ya namna hiyo atunge nchi ya kubuni yenye milima kama yetu na vita vyake yenyewe.

21. Je, lazima nifuate sayansi ya kitu nilichokichagua?

Ifuate mpaka mahali ambapo nguvu ya ajabu inaanza, na pawe na mahali pamoja tu pa namna hiyo. Majusi wa jiwe jepesi anaweza kuliita jiwe kutoka mbali. Hilo ndilo la ajabu. Jiwe likishafika, lielee kwa sababu lina vitundu, na lisagike kwa sababu ni laini.

22. Majusi wangu anaweza kupoteza elementi yake, au kuibadilisha?

Kuibadilisha kwa sababu mchezaji amechoka, hapana. Andika mhusika mpya, na wa kwanza apewe njia ya heshima ya kuondoka. Kuipoteza ndani ya hadithi, ndiyo, mradi mchezaji mwenyewe amekubali kabla. Tulikuwa na mhusika wa maji moto ambaye chemchemi yake ilikauka katikati ya safari. Tulimwuliza mchezaji kama anataka irudi, akaomba siku mbili za kufikiri, kisha akasema isirudi. Mhusika huyo alicheza vikao sita vilivyofuata bila nguvu yoyote, akiwa amebeba mfukoni kipande cha chokaa kutoka kisimani kwake, na kila mahali walipolala alikuwa akikitoa na kukiweka juu ya jiwe karibu na moto, kisha akikirudisha mfukoni asubuhi.